Kuskani Si Kuhifadhi: Somo Nililolipata Fildi Bagara

Naomba nianze kwa kukiri kosa, ili ujue mapema anayekuandikia ni mtu wa aina gani. Mwaka 2025, nikiwa fildi Babati, nilifuta mafaili zaidi ya mia tatu ya ofisi ya umma. Niliyafuta kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu, na nilipomaliza nikanyoosha mgongo nikajipongeza kwamba leo nimefanya kazi.

Nasoma mambo ya mifumo ya kompyuta, na wakati huo nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili. Barua ya fildi ilinipeleka kwenye ofisi moja ya umma mjini Babati ambayo sitaitaja, kwa sababu yaliyotokea pale yangeweza kutokea ofisi yoyote, na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu. Nilipanga chumba kata ya Bagara. Kwa ambaye hajafika: Babati mwezi wa saba ni baridi ya kweli kweli, asubuhi Mlima Kwaraa unaamka umejifunika ukungu, na jioni ukishuka ziwani utaambiwa usikae sana ukingoni maana viboko wanatoka kula. Bumu lilikuwa limeshaisha, kwa hiyo ofisini nilikuwa nakwenda kwa miguu.

Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi. Miaka kadhaa nyuma ofisi iliskani majalada binafsi ya watumishi ili kupunguza msongamano masijala. Makaratasi yakafungwa kamba yakapelekwa stoo. Picha zake zikawekwa kwenye kompyuta moja. Kompyuta ikafa, ila kwa bahati kabla haijafa kuna mtu alikuwa amezihamishia kwenye diski ya nje. Nikakabidhiwa ile diski. "Wewe si mtu wa kompyuta? Haya, ipange hiyo."

Nikaifungua. Folda nyingi, na ndani ya kila folda mafaili yanaitwa Scan_0001, Scan_0002, Scan_0003, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna jina la mtu, hakuna tarehe, hakuna namba ya jalada. Nikachukua folda nane za kwanza, nikaona majina yaleyale yanajirudia kutoka folda moja hadi nyingine, na diski yenyewe imejaa. Nikahitimisha kichwani kwamba hizi ni nakala zilizojirudia. Nikaacha moja moja, nyingine zote nikazifuta moja kwa moja, bila hata kuzipitisha kwenye kapu la taka.

Kumbe skana ile ilikuwa inaanza kuhesabu upya kila folda mpya inapofunguliwa. Scan_0001 ya folda ya kwanza ilikuwa barua ya mtu mmoja, na Scan_0001 ya folda ya pili ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Nilikuwa nafuta watu.

Mwalimu na mfuko wa plastiki

Nilijua nilichofanya wiki ya tatu, alipokuja mama mmoja, mwalimu, amefikisha miaka 60 na anastaafu. Jalada lake lilikuwa na karibu kila kitu, isipokuwa barua ya kuthibitishwa kazini. Jalada lisipokamilika, makaratasi ya mafao yanakwama mezani.

Sasa tazama safari aliyosafiri huyu mama bila kuhama nyumba. Aliajiriwa mwaka 1989, Babati ikiwa wilaya ndani ya Mkoa wa Arusha. Mwaka 2002 ukazaliwa Mkoa wa Manyara, makao makuu yakawa Babati. Mwaka 2004 ikaanzishwa Halmashauri ya Mji wa Babati. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ikaunganishwa kuwa PSSSF. Mwalimu ni yuleyule, ubao ni uleule, ila karatasi zake zimebadilisha mkoa, halmashauri na mfuko. Serikali ikigawa au ikiunganisha, kuna mtu mahali fulani anapakia majalada kwenye gari, na kila safari ya jalada ni nafasi ya kitu kudondoka.

Nilitafuta kwenye diski siku nzima. Nilipofungua folda moja baada ya nyingine nikisoma yaliyomo badala ya majina, ndo nikaelewa nilichokuwa nimekifuta. Jasho likanitoka na baridi ile ile. Tukaenda stoo kutafuta karatasi yenyewe. Paa lilikuwa limevuja upande mmoja, na mafurushi ya chini yalikuwa yameshikana kama mkate uliolowa chai.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Imepatikana?"

"Bado Mwalimu, tunaendelea kutafuta."

Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Siku ya nne akaja na mfuko wa plastiki, ndani yake bahasha, ndani ya bahasha karatasi iliyokunjwa mara nne, imebadilika rangi kwenye mikunjo. Ilikuwa nakala yake ya barua ile. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza ameitunzaje miaka yote hiyo.

"Mimi nimefundisha watoto miaka 36 kutunza madaftari," akasema. "Ningeshindwaje kutunza barua yangu mwenyewe?"

Lakini habari haikuishia hapo. Afisa aliyehusika akauliza swali ambalo ni la haki kabisa: karatasi imetoka nyumbani kwa mtu, tutajuaje ni ya kweli? Usimlaumu. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti serikalini uliwakuta watumishi 9,932 wana vyeti vya kughushi, na walibainika kwa sababu Baraza la Mitihani la Taifa lilikuwa na kumbukumbu zake za kulinganishia. Tangu hapo hakuna afisa anayepokea karatasi kwa kuiangalia sura tu.

Aliyeokoa jahazi ni mzee wa masijala, naye amebakiza muda mfupi astaafu. Akafungua kabati, akatoa rejista kubwa ya jalada gumu, rejista ya barua zinazotoka. Akateremsha kidole taratibu ukurasa hadi ukurasa. Tarehe, kumbukumbu namba, barua inakwenda kwa nani, inahusu nini, nani ameituma. Imeandikwa kwa peni ya wino wa bluu na mtu ambaye pengine alishafariki. Namba ya kwenye rejista na namba ya kwenye barua ya Mwalimu zikalingana, tarehe zikalingana. Barua ikapokelewa.

Mzee akafunga rejista, akanigeukia. "Kijana, hiyo diski yako ina rejista?"

"Haina, Mzee."

"Basi hiyo ni stoo tu. Stoo ya umeme."

Kwani kumbukumbu ni nini?

Sentensi ile ya mzee ilinirudisha kusoma, na hapa ndo somo lenyewe linapoanza. Sisi watu wa kompyuta tumezoea kuita kila kitu "data". Sheria ya nchi inatumia neno lingine. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, inaitambua kumbukumbu kwa kazi yake: taarifa iliyotengenezwa au kupokelewa na taasisi katika kutimiza wajibu wake, inayobaki kuwa ushahidi kwamba wajibu huo ulitimizwa, iwe imeandikwa kwenye karatasi au kwenye kitu kingine chochote. Kwa hiyo barua pepe ya mkurugenzi ni kumbukumbu sawasawa na barua yenye muhuri.

Kumbukumbu zile chache zenye thamani ya kudumu ndizo zinazoitwa nyaraka, na mlezi wake ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi.

Wataalamu wa fani hii wanasema kumbukumbu nzuri ina sifa nne, na kiwango cha kimataifa cha ISO 15489, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, kimezipanga vizuri. Nitazieleza kwa barua ya Mwalimu.

Kwanza ni uhalisi: ni kweli imetoka kwa anayesemekana kuiandika, wakati unaosemekana. Rejista ndiyo iliyothibitisha hilo.

Pili ni kuaminika: inaeleza kilichotokea kweli, na iliandikwa na mtu aliyekuwa na mamlaka ya kuiandika, karibu na siku jambo lilipotokea.

Tatu ni ukamilifu: haijaongezwa wala kupunguzwa. Kwenye karatasi ukifuta neno panabaki kovu. Kwenye kompyuta mtu anabadilisha mwaka 1991 kuwa 1981 na hakuna anayeona chochote, mpaka mfumo wenyewe uwe unaweka nyayo za nani aligusa nini na lini.

Nne ni kutumika: inaweza kupatikana, kufunguliwa, kusomeka na kueleweka. Picha yangu ya Scan_0047 huenda ilikuwa halisi, ya kuaminika na kamilifu. Lakini ilikuwa haipatikani, na kumbukumbu isiyopatikana haimsaidii mstaafu.

Hizi sifa nne zina meno mahakamani pia. Wanasheria wenzetu wanaijua kesi ya mwaka 2000 kati ya Trust Bank na Le-Marsh Enterprises, ambapo Mahakama Kuu, kitengo cha biashara, ilikabiliwa na swali kama chapisho kutoka kompyuta ya benki linaweza kupokelewa kama kumbukumbu za benki, ikakubali. Baadaye ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 18 kinamwambia hakimu apime ushahidi wa kielektroniki kwa kuangalia namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, ulivyolindwa usibadilike, na namna mwenye kuutoa alivyotambulishwa. Maana yake, kesi inaweza kushindwa kwa sababu ya kilichofanyika masijala miaka kumi kabla, siku ambayo hakuna aliyefikiria kwenda mahakamani.

Karatasi husamehe, umeme hausamehi

Kuna jambo tunalidanganyiana, kwamba kitu kikiingia kwenye kompyuta kimepona. Nitatoa mifano mitatu.

Pale Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zimehifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani, ya kabla hawajaondolewa nchini katika Vita Kuu ya Kwanza. Zimepita zaidi ya miaka mia moja. Tangu mwaka 1997 zimo kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Ukijua Kijerumani na ukizoea mwandiko wa zamani, unafungua jalada unasoma. Huhitaji paswedi, huhitaji programu, huhitaji hata TANESCO.

Sasa nenda Uingereza. Mwishoni mwa mwaka 1085 mfalme aliagiza kuorodheshwa ardhi na mali za nchi, na mwaka 1086 kikatoka kitabu kinachoitwa Domesday. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, BBC ikaongoza mradi wa kutengeneza Domesday mpya kwenye diski kubwa za leza, teknolojia ya kisasa kabisa wakati huo. Haikufika hata miaka 20. Kufikia 2002 mashine za kusomea diski zile zilikuwa zimekwisha kuwa adimu, na watafiti ikabidi wafanye kazi maalumu kuziokoa. Kitabu cha 1086 kilikuwa bado kinasomeka.

Mfano wa tatu ulitokea wiki chache tu baada ya mimi kurudi chuo. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Kulikuwa na hifadhi ya mtandaoni ambayo watumishi wa umma walitakiwa kuweka kazi zao, ukubwa wake terabaiti 858. Haikuwa na nakala mahali pengine. Iliteketea. Hiyo ni Korea, nchi ambayo sisi tunanunua kwao simu na runinga! Nilipoisoma ile habari niliikumbuka diski yangu moja ya Babati, nikaona tofauti yetu ni ukubwa tu.

Karatasi ikisahaulika stoo miaka 30, ukiikuta haijalowa unaisoma. Faili la kielektroniki likisahaulika miaka 30 linakufa lenyewe: kifaa kimeoza, programu imeachwa, paswedi imekwenda na mtu aliyehamishwa. Na miaka 30 sikuichukua hewani. Kwa sheria yetu, huo ndio muda ambao kwa kawaida kumbukumbu za umma zilizo Nyaraka za Taifa hufunguliwa kwa wananchi kuzisoma. Kinachoandikwa leo, mwanahistoria atakitaka miaka ya 2050. Nani atakuwa amekihamisha kutoka mashine hadi mashine mpaka hapo?

Mambo ya kufanya, moja moja

Niliyojifunza kwa mzee, kwa vitabu na kwa aibu yangu nayapanga hivi.

*Jina kwanza.* Faili lipewe jina siku linapozaliwa, kwa utaratibu mmoja unaofuatwa na ofisi nzima. Anza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kisha aina ya waraka, kisha namba ya jalada. Jina kama 1991-03-14_BaruaYaKuthibitishwa likifuatiwa na namba ya jalada linajieleza hata kama aliyelitengeneza hayupo. "Barua mpya ya mwisho kabisa 2" halijielezi hata kwa aliyelitengeneza.

*Rejista.* Kila faili liwe na taarifa zake pembeni: nani aliliandika, lini, linahusu nini, liko kwenye jalada gani, nani anaruhusiwa kuliona, linatunzwa mpaka lini. Darasani tunaziita metadata. Mzee anaziita rejista. Ni kitu kimoja, na yeye alikuwa nacho kabla yetu.

*Nakala tatu.* Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mbali na jengo. Nakala mbili ndani ya kabati moja ni nakala moja, maana moto na mafuriko hayafungui droo moja moja. Sisi wa Manyara hilo tusilisahau: Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikapita Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Msiba ule ulikuwa wa watu kwanza. Lakini anayebaki hai baada ya janga anahitaji kuthibitisha yeye ni nani, kiwanja chake kiko wapi, na watoto wake wamesoma wapi.

*Kujaribu kurejesha.* Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni tumaini tu. Kila baada ya muda chukua mafaili machache kwenye nakala rudufu, yafungue, yasome. Kuna pia njia ya kuipa kila faili alama yake inayokokotolewa na kompyuta, kama alama ya kidole. Ukiikokotoa tena mwakani ikawa tofauti, unajua faili limeguswa au limeharibika.

*Fomati inayodumu.* Kwa hati zinazotunzwa muda mrefu tumia fomati zilizo wazi na zinazojulikana, mfano PDF/A, iliyoundwa mahususi kwa hifadhi ya muda mrefu. Na mfumo wa zamani unapozimwa, kuhamisha kumbukumbu zake kuwe sehemu ya mradi, na bajeti yake iwepo tangu mwanzo.

*Kuteketeza kwa utaratibu.* Si kila kitu ni cha kutunza milele. Ila sheria haimruhusu mtu kuteketeza kumbukumbu za umma kwa kujiamulia. Kuna miongozo ya muda wa kutunza kila aina, na kuna idhini ya kuombwa. Mimi nilifanya peke yangu, saa nane mchana, kwa kubonyeza vitufe viwili.

*Siri za watu.* Jalada binafsi lina taarifa za afya, familia, mshahara na makosa ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kufanya kazi tangu Mei 2023. Nikikumbuka kwamba ile diski nilikuwa naitembeza kwenye begi kutoka ofisini hadi chumbani Bagara nikafanyie kazi usiku, sipati usingizi.

*Mazungumzo ya simu.* Hili ndilo gumu kuliko yote. Siku hizi maagizo mengi ya kazi yanapita WhatsApp: "fanyeni hivi", "nimeidhinisha", dole gumba juu. Serikali ina mfumo wake wa barua pepe, zenye anwani zinazoishia na go.tz, na upo mfumo wa ofisi mtandao wa kupitisha madokezo na majalada. Agizo likitolewa kwenye simu ya mtu, ushahidi wake unaishi ndani ya simu hiyo. Simu ikiibiwa stendi, serikali imepoteza kumbukumbu. Dawa yake ni ndogo: aliyepokea agizo la mdomo au la simu aliandike kwenye jalada siku hiyohiyo.

Tatizo ni mifumo au ni watu?

Msije mkasema natetea karatasi. Stoo ile yenye paa linalovuja niliiona kwa macho yangu. Mfumo mzuri wa kielektroniki unafanya ambayo masijala ya karatasi haiwezi: unaonyesha jalada liko meza ya nani na limekaa siku ngapi, hauruhusu folio kuchomolewa kimyakimya, na mtumishi wa Kiteto hahitaji kupanda basi hadi Babati kufuatilia barua. Nchi imeshaweka misingi. Ipo Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo ilitanguliwa na Wakala iliyoanza mwaka 2012. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha watunza kumbukumbu.

Pengo nililoliona mimi liko katikati ya meza mbili. Meza moja ina mtu wa TEHAMA: anajua seva, nyaya, virusi. Meza ya pili ina mtu wa masijala: anajua jalada gani ni la nini, nani alikwenda wapi, kipi kitunzwe na kipi kiondoke. Kazi ya kuskani ilipewa meza ya kwanza peke yake, kwa sababu mashine inatumia umeme. Mzee wa masijala aliniambia siku wanaskani hakuitwa hata kuulizwa. Angeitwa kwa nusu saa tu, angewaambia andikeni namba ya jalada, na Mwalimu asingekuja mara nne.

Mimi pia sikumuuliza. Meza yake ilikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilimwona na rejista zake nikadhani ni mtu anayesubiri kustaafu.

Na sisi je?

Kila anayesoma gazeti hili ameshakuwa jalada. Uliomba mkopo, ukatakiwa kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne inakufuata mpaka leo. Siku ya kuajiriwa utapewa cheki namba, na kuanzia hapo maisha yako yatakuwa mfululizo wa barua ambazo mtu mwingine anazitunza. Tunza na wewe zako. Skani, zipe majina yanayoeleweka, weka sehemu zaidi ya moja, na karatasi yenyewe usiitupe.

Halafu tujitazame hapa hapa. Muhtasari wa vikao vya serikali yetu ya wanafunzi ya miaka mitatu iliyopita uko wapi? Kwenye laptopu ya katibu aliyeshahitimu? Makubaliano tuliyofikia na menejimenti yako kwenye grupu gani la WhatsApp, na nani amebaki ndani ya grupu hilo? Kila uongozi mpya unaanza kudai upya jambo ambalo uongozi wa zamani ulishakubaliwa, kwa sababu hakuna karatasi ya kuonyesha. Napendekeza kitu kimoja tu: kabla kiongozi hajakabidhi ofisi, akabidhi rejista. Ikiwezekana iandikwe kwenye katiba yetu.

Nimalizie habari ya mafaili yangu. Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikasema nilichofanya. Sitaeleza sura yake ilivyokuwa. Mtu wa TEHAMA akaendesha programu ya kurejesha vilivyofutwa, na mengi yakarudi, yakiwa hayana hata yale majina ya Scan. Wiki zote zilizobaki nilikaa na mzee wa masijala. Nafungua moja, tunasoma wote, yeye ananiambia ni ya jalada gani, mimi nalipa jina, naliandika kwenye rejista, linalofuata. Lakini kuna ambayo hayakurudi.

Siku ya mwisho nilitaka kufunga kazi na yale tuliyoyaokoa tu. Mzee akakataa. Akanipa karatasi.

"Na ulivyopoteza viandike. Folda gani, vingapi, lini, na nani alivifuta. Atakayekuja nyuma yako asihangaike kutafuta kisichokuwepo."

Nikaandika. Nikaweka tarehe, jina langu na sahihi. Akaipiga muhuri, akaipa namba ya folio, akaifunga kwenye jalada. Iko pale mpaka leo, na kwa jinsi ninavyomjua yule mzee, ukienda kuiulizia utaletewa kabla hujakaa.